Manifoldi ya Miguu Minne

3 Agosti

Mpwa wangu,

Pikapu ya baba yako itaondoka nyumbani tarehe 30 Novemba. Aliyesema ni mama yako, jana saa moja jioni, mezani, mbele yangu na mbele ya mwenye bekari, ambaye ndiye atakayeichukua. Namnukuu neno kwa neno: "Ikipanda mlima na mzigo wake wote kabla ya mwisho wa Novemba, inabaki. Isipopanda, njoo na dereva wako."

Naona nimeanza na kichwa cha habari kabla ya salamu. Miaka thelathini na moja ya gazeti haitoki mwilini kwa miezi minane ya kustaafu. Hujambo? Sisi hatujambo. Mama yako ameng'olewa jino na sasa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, ingawa idadi ya maneno haijapungua.

Kilichotokea ni hiki. Mwezi uliopita pikapu ilisimama tena katikati ya mlima wa kwenda mtaa wa juu, ikiwa na viti mia mbili vya kukodisha na hema lake. Mama yako akashusha nusu ya viti kando ya barabara, akapeleka nusu, akarudi kuchukua vilivyobaki. Wageni walisikiliza hotuba mbili wamesimama. Mwenye shughuli ameshaisimulia habari hiyo kila mahali, na anaisimulia vizuri. Mimi mwenyewe nisingemrekebisha neno.

Unaikumbuka turbo aliyoiacha marehemu baba yako kwenye gunia chini ya benchi, ile aliyosema ataifunga "wiki ijayo" kwa miaka minne. Kwa maelezo ya Fundi Taratibu, makanika wetu, ni kinu kinachozungushwa na moshi wa injini ili kiisukumie injini hewa zaidi, nayo ipate nguvu. Kinachokosekana ni manifoldi: bomba la miguu minne linalokusanya moshi kwenye matundu manne ya injini na kuufikisha kwenye turbo. Tuliyo nayo haina mahali pa kuishika turbo, na ya dukani inayolingana haipo. Nilimuuliza Taratibu kama anaweza kuitengeneza. Akafuta mikono, akasema, "Mzee, mimi nafunga vilivyopo. Siumbi."

Basi pale mezani nikasikia mtu anasema, "Manifoldi nitaitengeneza mimi, hapa hapa nyumbani." Nikageuka kutazama ni mpumbavu gani huyo. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Kaka," mama yako akasema, "wewe ukibadilisha balbu tunakaa gizani siku mbili."

Taarifa hiyo si sahihi. Zilikuwa siku tatu.

Nimepata mashine ya kuchomelea iliyokwisha tumika na kinyago chenye ufa. Wewe ndiye fundi wa kuchomelea pekee katika ukoo huu, kwa hiyo nifundishe kwa barua. Simu za nyumba hii zinasikilizwa na vyumba vitatu, na chuma hakipiti kwenye simu. Nimefunga vipande viwili nilivyoviunganisha leo asubuhi. Niambie ukweli.

Mjomba wako


21 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Barua na vyuma nimevipata. Kondakta wa basi aliniuliza nimetumiwa nini kizito hivi. Nikamwambia ni kazi ya mikono ya mjomba wangu. Akakitazama kimoja, akanipa pole.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, hiki kina dirisha. Mwambie Mama ukarabati wa jino ukiisha aniandikie, maana barua yake ya mwisho ilikuwa na mistari minne na mitatu ilihusu mvua. Kazini kunaendelea.

Sasa vipande vyako. Cha kwanza, kuku mwenye haraka amepita juu yake. Cha pili kilianguka mezani, nikaokota viwili. Mjomba, hiyo si kuunganisha, hiyo ni kuvitambulisha tu.

Sikiliza. Kinyago chenye ufa kakitupe leo. Fundi ni macho. Mengine yote anaweza kuazima. Tafuta bomba nene la chuma cheusi, lile la mvuke au maji ya moto, na kona zake. Usiguse bomba linalong'aa lililopakwa zinki. Ukilichomelea, moshi wake ni sumu, utaumwa. Flenji, yaani lile bamba linaloibana manifoldi kwenye injini, lifunge kwa bolti juu ya bamba jingine nene kabla hujaanza kuchomelea, na usilifungue mpaka lipoe kabisa. Chuma kikipata moto kinajikunja, na flenji iliyojikunja itavujisha moshi kila upande.

Na usikimbilie manifoldi. Fanya mazoezi kwanza. Kila kipande ukikate katikati kwa msumeno, unitumie nusu. Nitakiwekea alama za chaki na kukurudishia, kama nilivyofanya hivi viwili: duara ni tundu, msalaba ni rudia, mstari mmoja ni umepita.

Mama usimwambie kwamba nakufundisha. Ataanza kuuliza habari za kazi, na mimi sina muda wa kuzieleza.

Mpwa wako


12 Septemba

Mpwa wangu, marahaba,

Sina malaria. Amethibitisha muuguzi wa zahanati, Jumatano, baada ya kipimo cha pili.

Barua yako ilifika siku moja baada ya mimi kuchomelea kona sita za bomba linalong'aa. Nililichagua kwa sababu lilionekana safi. Jioni nikaanza kutetemeka, meno yakagongana, mama yako akanifunika mablanketi mawili na kunipeleka kliniki nimejikunja kama barua. Muuguzi akauliza, "Mzee, umekula nini?"

"Sijala. Nimevuta bomba."

Akamtazama mama yako. Mama yako akamwambia, "Andika hivyo hivyo, dada. Ni mwandishi wa habari, atakudai umnukuu sawasawa."

Nilipona kesho yake. Mabomba yanayong'aa sasa ni vigingi vya nyanya. Kinyago nimenunua kipya. Kile cha zamani mama yako amekitundika kwenye mlango wa banda, anasema kiwe onyo.

Salamu zake ni nyingi. Jino limepona na mistari ya mvua itaongezeka. Mwenye bekari amepita mara mbili wiki hii "kusalimia". Alisalimia zaidi matairi.

Natuma nusu kumi na mbili, zimepangwa kwa tarehe. Kama kuna kuku, safari hii ametembea polepole.

Jambo moja. Umeandika "kazini kunaendelea". Kunaendelea nini? Nikiwa kazini, sentensi hiyo ingerudishwa mezani kwangu na wino mwekundu.

Mjomba wako


6 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa kuvuta bomba. Nilicheka peke yangu mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Samahani nimechelewa kujibu. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu kalamu hii ni mbovu.

Vipande vimerudi ndani ya soksi. Vitano rudia, vitatu vina matundu, vinne vimepita. Vilivyopita ndivyo ulivyovifanya taratibu, mkono umeegemea kitu. Endelea hivyo na unaweza kuanza manifoldi yenyewe.

Chukua gasketi, ile karatasi ngumu inayokaa kati ya injini na manifoldi. Ichore juu ya boksi, kata, utapata ramani ya matundu yote. Kwa ramani hiyo toboa flenji na lile bamba la kufungia. Kisha hakiki mara mbili kabla hujachomelea. Si ninyi watu wa magazeti mnaodai vyanzo viwili?

Kuhusu swali lako la kazi, kalamu inaishiwa wino.

Mpwa wako


27 Oktoba

Mpwa wangu,

Manifoldi imekamilika na haifai kwa injini yoyote iliyowahi kutengenezwa. Hayo ni maneno ya Fundi Taratibu, jana asubuhi, na sina pingamizi.

Hujambo? Mama yako hajambo. Amekataa kulala mchana kwa sababu nasaga vyuma, kisha anasinzia kwenye usukani wa pikapu ikiwa imeegeshwa. Nyanya zimebeba.

Naeleza kwa utaratibu. Nilichora gasketi kwenye boksi la biskuti, upande wenye picha, nikakata. Nilipoweka boksi juu ya chuma niligeuza upande wenye picha ya biskuti ukae chini, ili chaki yangu ionekane vizuri. Nikatoboa bamba, nikatoboa flenji. Kisha nikahakiki, kama ulivyosema. Nilipima flenji kwa boksi: sawa. Bamba kwa boksi: sawa. Flenji kwa bamba: sawa kabisa, bolti zote nane ziliingia kwa vidole. Vyanzo vitatu, kauli moja. Nikachomelea siku nne. Nilisubiri chuma kipoe. Nilisugua uso wa flenji kwa msasa juu ya kioo cha meza ya sebuleni, kwa sababu hakuna kitu kilichonyooka zaidi humu ndani.

"Kaka, hiyo ni meza ya wageni," mama yako akasema.

"Na huyu ni mgeni."

"Mgeni hasuguliwi."

Jana Taratibu akaja, tukaipeleka kwenye injini. Matundu yalikuwa yamepinduka, kama uso kwenye kioo. Kumbe tangu nilipogeuza picha ya biskuti, kila kitu kiligeuka nayo. Taratibu aliizungusha juu, chini, kulia, kushoto. Mwishowe akasema, "Mzee, inakaa vizuri sana, mradi turbo ukubali iwe ndani ya injini."

Miaka thelathini na moja niliwafokea waandishi vijana: vyanzo vitatu vilivyosikia kwa mtu mmoja ni chanzo kimoja, mmemuuliza mhusika mwenyewe? Mhusika mwenyewe ni injini. Siku hizo zote pikapu ilikuwa imeegeshwa hatua sita kutoka mezani kwangu. Nimezipima. Sikuwahi kuiuliza kitu.

Zimebaki siku thelathini na nne.

Sasa la pili, na ningependa unisome hadi mwisho. Baada ya Taratibu kuondoka nilipanga mezani vipande vyote ulivyonirudishia. Duara zako za Agosti ziko nusu kidole pembeni ya matundu. Za Oktoba ziko kidole kizima. Nilidhani chaki ilifutika njiani na kuhama, lakini chaki haihami yote upande wa kulia. Na kipande namba tisa, ulichokipitisha, kina tundu ambalo kijiti cha kiberiti kinaingia. Nimejaribu. Kinaingia.

Herufi zako za Agosti tayari zilikuwa kubwa kuliko kawaida. Za mwezi huu naweza kuzisoma nikiwa mlangoni. Kalamu mbovu hainenepeshi herufi.

Sijamwambia mtu. Nimeshakosea mara moja mwezi huu kwa kutomuuliza mhusika, basi nakuuliza wewe: unaona?

Mjomba wako


3 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Sioni. Au tuseme, kwa karibu sikuwa naona.

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hiyo ipokee hivyo hivyo. Mimi mzima, chumba kizima, dirisha zima. Kazini hakuendelei. Mwezi wa tano nilifeli mtihani wa kuchomelea wa daraja la kwanza. Mwezi wa saba nikafeli tena. Msimamizi akanitoa kwenye kuchomelea akaniweka stoo, na tangu hapo nagawa glavu. Nikipewa mtihani wa tatu nikashindwa, natoka kabisa.

Nilijua ni macho. Nilikataa kujua. Hapa husemwa fundi akivaa miwani ameisha, ingawa sasa nikifikiri, anayesema hivyo ni mmoja tu na anatumia lenzi za kuvaa ndani ya jicho. Na mimi ndiye niliyesimama kwenye mlango wetu, begi mkononi, nikamwambia Mama nitarudi nikiwa daraja la kwanza au sirudi. Nilikuwa na miaka ishirini na mdomo mkubwa. Unautambua mdomo huo, Mjomba. Ndio ule uliosema mezani kwamba manifoldi itatengenezwa nyumbani.

Vipande vyako nilikuwa navisoma kwa kucha. Napapasa mpaka ukucha unase kwenye tundu, halafu nachora duara pembeni ya kidole, kwa sababu kidole kimekaa juu ya tundu. Ndiyo maana zote ziko kulia. Namba tisa ukucha ulikuwa nimeukata siku hiyo. Nilikuandikia fundi ni macho, nikiwa nakagua kazi yako kwa kucha. Mkaguzi gani huyo.

Jumamosi nilikwenda kwa mpima macho. Alinipa kitabu kidogo nisome, nikamwambia kimechapwa vibaya. Akaniwekea kioo usoni. Kitabu kilikuwa kimechapwa vizuri tu. Nimetoka na miwani ya fremu nyeusi. Nimekaa kwenye benchi nje ya duka lake nikisoma namba za simu kwenye mabango, moja baada ya nyingine, kama mwendawazimu.

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia yote. Akanitazama, akasema, "Dada, miezi minne unagawa glavu kwa sababu ya vioo viwili?" Mtihani wa tatu ni Alhamisi tarehe 26 Novemba. Mpaka hapo amenipa kibanda cha mazoezi saa ya chakula cha mchana, nilete chuma changu mwenyewe.

Basi, chuma changu ni manifoldi ya Baba. Kata flenji mpya. Ifunge kwenye injini yenyewe, Mjomba, ile iliyo hatua sita. Panga miguu minne hapo hapo, turbo ikiwa mahali pake, na uishike kwa nukta tu za kuchomelea: nukta tatu kila mguu, basi. Usiongeze. Ifungue, itie kwenye gunia, ipande basi. Nitaichomelea mimi na kuirudisha kwa kondakta yule yule.

Mama usimwambie bado.

Mpwa wako


20 Novemba

Mpwa wangu, marahaba,

Injini imeunguruma leo saa nne na robo asubuhi ikiwa na turbo, na haivuji moshi mahali popote. Aliyethibitisha ni mama yako, ambaye alizungusha mshumaa kuzunguka manifoldi yote na mwali haukutikisika. Taratibu alisema si lazima. Mama yako akamwambia, "Wewe funga vilivyopo. Mimi nahakikisha."

Hujambo? Mimi nimeungua kidole gumba na nyusi moja imepungua. Nyanya tunagawa.

Flenji ya pili niliichora juu ya injini yenyewe, Jumatatu tarehe 9, nikiwa nimelala chini ya boneti kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Nukta tatu kila mguu. Mguu wa pili nilitaka kuongeza ya nne. Nikaweka kifaa chini, nikaenda kunywa maji, nikarudi, sikuongeza. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote niliyoifanya tangu Agosti.

Gunia lilirudi Jumatatu hii. Nilifungua mwenyewe, barazani. Sina utaalamu wa kusifu, lakini nilipitisha kijiti cha kiberiti kwenye kila kiungo, juu na chini, na hakikupata pa kuingia. Taratibu aliishika muda mrefu akiigeuza. Aliuliza, "Hii nayo ulifanya wewe, mzee?" Nilifikiria kukubali. Nilifikiria kwa muda ambao si wa heshima. Kisha nikasema hapana, nikamtaja fundi.

Mama yako alikuwa mlangoni, amesikia. Kwa hiyo lazima nikuarifu kwamba siri imetoka, na mtoaji ni mimi. Alikuja, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mguu wa kwanza mpaka wa nne. Halafu akauliza, "Ameanza kuvaa miwani?"

Nikamuuliza amejuaje. Akasema baba yako alivaa yake ya kwanza akiwa na miaka ishirini na sita, baada ya kufunga gurudumu la mbele kwa nati tatu, na kwamba tangu mwezi wa sita barua zako zimekuwa na herufi za matangazo ya mnada. "Mistari ile ya mvua nilimwandikia kwa herufi kubwa makusudi," akasema, "ili aisome. Yeye akadhani sina la kusema."

Nilipokuwa kazini ningeita hii kushindwa na gazeti jingine. Chanzo kizuri kuliko vyote kilikuwa kikinipikia.

Kuhusu ule mlango na ule mdomo, alisema nikuandikie hivi, na nimemsomea sentensi mara mbili akaikubali: "Mwambie mlango ulikuwa wazi, yeye hakujua tu kwa sababu alikuwa haoni."

Mlima bado. Taratibu ameirekebisha pampu ipeleke dizeli zaidi kidogo na anataka injini izoee kwa wiki moja bila mzigo. Sijui kama itapanda. Taratibu anasema itapanda, lakini alisema hivyo akiwa ametazama pembeni. Mwenye bekari ameambiwa aje kutazama, na amesema atakuja na dereva wake kwa vyovyote vile. Mama yako ataendesha. Mimi nitakaa nyuma juu ya viti, ili vikihitaji kushushwa, cha kwanza kushuka niwe mimi.

Mtihani wako ni Alhamisi. Ukipita au usipopita, basi la Ijumaa linafika hapa Jumamosi saa moja asubuhi, na mama yako amesema atakuja stendi kwa pikapu. Viti mia mbili na hema vitakuwa vimeshapakiwa. Kiti cha mbele ni chako, cha kulia, cha dereva, kimekwisha chukuliwa na mama yako.

Tunaanza kupanda Jumamosi tarehe 28 Novemba, saa tatu kamili, kutoka kwenye kibao cha shule, chini ya mlima. Njoo na miwani.

Mjomba wako